Programu ya Java Inapokataa Kwenda

Wasomaji wa gazeti letu, kama mlipita karibu na maabara ya kompyuta muhula huu mkaona vijana wameizunguka mashine moja kama abiria waliozunguka basi lililoharibika njiani, basi jueni kwamba mmoja wao alikuwa mimi, na ya kwamba basi lile nililiharibu mimi mwenyewe. Mhariri aliniomba niandike jinsi ya kutafuta kosa pale programu ya Java inapokataa kwenda. Nimejaribu mara mbili kuandika habari hizi bila kujitaja, nikaona haziwi za kweli. Kwa hiyo nitaeleza mambo ya mashine pamoja na kosa langu, maana yamefungamana.

Kwanza, Java ni nini? Ni lugha ya kuandikia programu. Ilitengenezwa na James Gosling na wenzake katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, ikatolewa kwa watu mwaka 1995. Mwanzoni waliiita Oak, yaani jina la mti, kisha wakaipa jina la kisiwa cha Java kwa sababu ya kahawa yake. Tangu mwaka 2010 ni mali ya kampuni ya Oracle. Wapo watakaouliza lugha hii yatufaa nini sisi wa Singida. Nawajibu kwamba takwimu za zahanati na hospitali za nchi yetu hukusanywa kwa mfumo uitwao DHIS2, nao umeandikwa kwa Java. Ulianzia katika Chuo Kikuu cha Oslo, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Mganga wa zahanati ya kijijini anapotoa hesabu ya watoto waliochanjwa, hesabu ile hupita mwishowe katika kazi ya Java.

Sasa sikilizeni jinsi inavyokwenda, kwa kuwa asiyejua njia hawezi kujua mahali alipokwama. Mtu huandika maneno ya programu katika faili ambalo jina lake huishia na .java. Maneno hayo ni ya binadamu, na mashine haiyaelewi bado, kama vile mbegu ya alizeti isivyoweza kumiminwa kikaangoni. Hapana budi ipite kwanza katika mtambo wa kukamulia. Mtambo huo wa Java huitwa javac, nami nitauita mfasiri. Yeye huyasoma maneno yako, na akiridhika hutoa faili jipya linaloishia na .class. Faili hilo nalo haliendi peke yake; yupo mwingine aitwaye java, nami nitamwita mwendeshaji, ambaye hulichukua na kulitimiza. Basi ni wawili hao, mfasiri na mwendeshaji. Mwenye kifurushi kamili cha fundi, kiitwacho JDK, anao wote wawili. Mwenye kifurushi kidogo kiitwacho JRE anaye mwendeshaji tu. Nawaomba mkumbuke jambo hili, kwa kuwa mimi sikulijua, na ndilo lililoniponza.

Zaidi ya hao iko karakana. Ni programu kubwa ambamo mtu huandika, hufasiri na kuendesha mahali pamoja, bila kuwaita wale wawili kwa mkono. Zipo karakana nyingi. Yetu katika klabu ni NetBeans 8.2. NetBeans ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo huko Prague, jambo ambalo hutufurahisha sana sisi wanafunzi. Lakini karakana si mfasiri wala si mwendeshaji. Ni banda tu, na mafundi wake wanakaa katika folda nyingine, nayo karakana imeandikiwa anwani ya folda hiyo. Yetu ilikuwa imeandikiwa folda iitwayo jdk1.8.0_111. Maana yake ni Java 8, maana zamani walihesabu 1.8 badala ya kusema 8, na ile 111 ni namba ya marekebisho.

Klabu yetu ina wanachama kumi na mmoja na kompyuta moja iliyo nzuri, ile ya karibu na dirisha, ambayo kila asubuhi huanza kwa kufutwa vumbi linaloletwa na upepo wetu wa Singida. Kazi yetu ya mwaka huu ilikuwa programu ya kuhesabu daraja la mtihani wa Kidato cha Nne, ili tuwaonyeshe wazazi siku ya mahafali. Mnajua hesabu yenyewe: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, huchukuliwa masomo saba yaliyo bora, jumla ya 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne, na zaidi ya hapo ni sifuri. Kwa maneno ni rahisi. Kuifundisha mashine ichague saba zilizo bora kati ya tisa au kumi ni jambo jingine. Sehemu hiyo iliandikwa na kijana wa Kidato cha Pili, mdogo kuliko sisi sote, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa ameniomba hivyo. Kwa sababu hiyo Mwalimu alisema ndiye atakayeionyesha mbele ya wazazi. Sikuficha mwaka huu na sitaficha sasa: jambo hilo lilinichoma kidogo, maana mwenyekiti wa klabu nilikuwa mimi.

Jumamosi moja ya mwanzo wa muhula, Mwalimu akiwa safarini, nilikuwa peke yangu maabara na nenosiri la msimamizi alilonipa kwa kuniamini. Kaka yangu anayesoma chuo huko Dodoma alikuwa amenipa flashi yenye Java 17. Kipya kinyemi, walisema wazee, nao walimalizia kwa kidonda ambacho mimi sikukikumbuka siku hiyo. Nikaiweka Java 17. Kisha, kwa kuwa nafasi ya diski ilikuwa ndogo na 17 ni kubwa kuliko 8, nikaondoa Java 8. Sikufungua karakana kujaribu. Nikafunga mlango nikaenda kufua.

Jumatatu jioni yule kijana akaketi mbele ya mashine, akabofya alama ya NetBeans. Badala ya kufunguka ikatokea sanduku dogo lenye maneno ya Kiingereza na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Akaogopa, akabofya Hapana, na kila kitu kikatoweka. Akarudia, ikawa vile vile. Mimi niliingia wakati ule ule nikaona kwa macho yangu kitu kinatoweka chini ya kidole chake. Nikamwuliza, "Umefanya nini?" Akasema, "Sijafanya kitu, kaka, imekataa yenyewe." Nikamwambia mashine haikatai yenyewe. Kanuni ya klabu yetu husema aharibuye chombo hakai maabara mpaka Mwalimu aamue, nami nikaitumia kanuni hiyo siku ile ile. Jumamosi tatu alikaa nje. Alikuwa akipita dirishani na ndoo ya maji akielekea bustanini, haangalii ndani.

Katika majuma hayo matatu sisi tuliobaki tulifanya kila jambo ambalo si la kufanya. Tulizima na kuwasha. Tulibofya mahali popote palipobofyeka. Mmoja alihamisha folda ya programu, mwingine akairudisha mahali pasipo pake. Mwenzetu mmoja alishauri kwamba ni virusi, na kwa kuwa neno virusi humtisha kila mtu, tukapoteza jioni mbili kutafuta virusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma ule ujumbe wa sandukuni mpaka mwisho. Tuliuona mrefu, na ulikuwa wa Kiingereza.

Mwalimu aliporudi hakuuliza nani ameharibu. Aliuliza, "Mashine ilisema nini?" Tukatazamana. Nikasema ilisema haiwezi. "Kwa maneno gani?" Sikuwa na jibu. Akauliza nani alikuwa wa kwanza kuiona, ikabidi yule kijana aitwe kutoka bustanini. Alikuja na mikono ya udongo, akaenda bwenini, akarudi na daftari lake la hesabu. Nyuma ya daftari alikuwa ameyaandika maneno yote ya lile sanduku, herufi kwa herufi, pamoja na jina la folda. Yalianza hivi: "Cannot locate java installation in specified jdkhome". Kwa lugha yetu: sikuikuta Java mahali nilipoambiwa ipo. Chini yake aliandika C:\Program Files\Java\jdk1.8.0_111, na swali la mwisho kama karakana ijaribu Java nyingine itakayoiona.

Hapo mimi nilijua, lakini sikusema. Nilitumaini bado kwamba patatokea sababu nyingine.

Mwalimu alitufundisha siku hiyo jinsi ya kutafuta, nami nataka mwenzangu msomaji aishike njia hii, maana ni nzuri hata kwa asiye na NetBeans. Alisema: karakana ikikwama, iacheni karakana, mwende kwa mikono hatua kwa hatua, mwone ni hatua ipi inayokataa. Na kila mara badilini kitu kimoja tu. Mkibadilisha viwili, ikikubali hamtajua kilichoiponya, na ikikataa hamtajua kilichozidisha ugonjwa.

Tukafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Mwenzetu mmoja akaandika programu fupi ya majaribio katika Notepad, akaihifadhi kwa jina Daraja.java, tukamwita mfasiri kwa kuandika javac Daraja.java. Akajibu kwamba faili hilo halipo. Nalo tulikuwa tunaliona pale kwenye folda! Hii ni hila ya zamani, na imewatoa jasho wengi. Notepad huongeza .txt mwishoni bila kuuliza, na Windows kwa desturi huuficha mkia huo, kwa hiyo jina la kweli lilikuwa Daraja.java.txt. Dawa yake ni kuiambia Windows ionyeshe mikia ya majina. Tena jina la faili na jina la darasa lililo wazi kwa wote ndani yake lazima vilingane, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Kwa Java, Daraja na daraja ni watu wawili wasiojuana.

Tulipolisahihisha, mfasiri akanyamaza. Mgeni atadhani amekataa, lakini mfasiri akinyamaza ndiyo furaha yake. Likatokea faili Daraja.class. Basi hatua ya kuandika ni salama, na ya kufasiri ni salama. Tukaandika java Daraja. Angalia, hapa huandiki .class mwishoni. Ukiiandika, mwendeshaji hulalamika kwamba hakuliona darasa kuu. Sisi hatukuiandika, lakini naye alilalamika kwa jambo jingine kabisa. Alitoa mistari mingi yenye neno UnsupportedClassVersionError, na ndani ya mistari hiyo mlikuwa na namba mbili: faili hili ni la 61, mimi husoma mpaka 52 tu.

Namba hizi zina siri nyepesi. Toa 44 katika kila moja. Ya 61 hubaki 17. Ya 52 hubaki 8. Kwa maneno mengine, faili lilifasiriwa na Java 17 na sasa linapewa mwendeshaji wa Java 8. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aweza kukisoma kitabu cha Kidato cha Kwanza, lakini wa Kidato cha Kwanza akipewa kitabu cha Nne hukirudisha. Ndivyo Java mpya inavyosoma mafaili ya zamani, na ya zamani isivyoweza kusoma mapya.

Lakini iliwezekanaje mfasiri awe 17 na mwendeshaji awe 8 katika mashine moja? Mwalimu akamwambia yule kijana aandike amri mbili. Ya kwanza, java -version. Mashine ikajibu 1.8.0_111. Ya pili, javac -version, ikajibu 17. Maabara yote ikanyamaza kama mfasiri aliyeridhika. Mwalimu akasema, "Huyu wa 17 alikujaje humu?"

Nikasimama nikasema niliyemleta ni mimi, na ya kwamba niliiondoa ya 8.

Jambo nililokuwa sijalijua ndilo lile nililowaomba mlikumbuke. Java 8 ilikuwa imewekwa mara mbili: kifurushi kamili cha fundi, na pembeni yake kile kidogo chenye mwendeshaji peke yake. Mimi niliondoa kile kikubwa nikadhani nimemaliza. Kidogo kikabaki. Sasa Windows, ukiita jina java, hupita katika orodha ya folda iitwayo PATH kuanzia juu kwenda chini, na humchukua wa kwanza amwonaye. Mwendeshaji wa 8 alitangulia katika orodha ile, akaitika yeye. Mfasiri wa 8 hakuwapo tena, kwa hiyo aliitika wa 17. Wakawa mafundi wawili wa mabwana wawili katika kazi moja. Na karakana, iliyoandikiwa anwani ya folda niliyoifuta, ilifika mlangoni ikakuta kiwanja kitupu.

Ukitaka kujua Windows inamchukua nani, andika where java, kisha where javac. Itakuonyesha folda zote kwa utaratibu wa kuitwa. Amri hiyo ni ya maneno mawili tu, na ingetuokolea majuma matatu.

Matengenezo yenyewe yalichukua chini ya saa moja. Mwalimu alikuwa na kifurushi cha Java 8 katika flashi yake, lakini cha marekebisho 202. Tukakiweka, tukaifungua NetBeans kwa shangwe, nayo ikaleta sanduku lile lile! Kwa nini? Kwa sababu folda mpya inaitwa jdk1.8.0_202, na karakana bado inatafuta ya 111. Yule kijana ndiye aliyeliona, kwa kuwa alikuwa ameishika namba ile katika daftari lake. Hapo hufutwi kitu tena. Huendi ila kurekebisha anwani. Imeandikwa katika faili liitwalo netbeans.conf, ndani ya folda etc ya NetBeans, katika mstari unaoanza netbeans_jdkhome. Fungua Notepad kwa ruhusa ya msimamizi, maana usipofanya hivyo Windows haitakubali uhifadhi, ukaandike anwani mpya katikati ya alama za kunukuu. Tukafanya hivyo, karakana ikafunguka, na programu yetu ya daraja ikatoka ikiwa kamili kama tulivyoiacha.

Mtu ataniuliza kama basi Java 17 ni mbaya. La, si mbaya. Ila NetBeans 8.2 ilitengenezwa kwa ajili ya Java 8 na haielewani na hizi za baadaye; atakaye 17 na atafute NetBeans mpya. Wala hakuna sharti la kuifuta moja ili nyingine ikae. Zinaweza kukaa zote, kila moja katika folda yake. Na mwenye mfasiri wa 17 anayetaka kazi yake isomwe na mashine ya Java 8 aandike javac --release 8 kabla ya jina la faili, maadamu hakutumia katika programu yake mambo ambayo Java 8 haina.

Jioni ile nilimfuata yule kijana bwenini kwao. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, na yote yakanipotea. Nikamwambia, "Nilikusingizia." Akasema, "Nilijua si mimi, kaka, ila sikujua ni nani." Kisha akaniuliza ile namba 44 inatoka wapi. Nikamwambia sijui, tutamwuliza Mwalimu. Jumamosi iliyofuata nilieleza habari yote mbele ya klabu, na nenosiri la msimamizi nikalirudisha kwa Mwalimu bila kuombwa.

Siku ya mahafali programu ilikwenda. Wazazi walipanga mstari mpaka nje, wengine wakitaja alama za watoto wao, wengine alama zao wenyewe za miaka iliyopita. Mzee mmoja aliyevaa koti zito aliitazama sana, kisha akamwuliza yule kijana, "Mashine hii inaweza kumpa mjukuu wangu daraja la kwanza?" Kijana akamjibu, "Hapana, babu, inahesabu tu alizopata." Mzee akacheka, akasema basi itamsubiri.

Katika ukuta wa maabara, juu ya mashine ya dirishani, sasa imebandikwa karatasi yenye mwandiko wa yule kijana. Imeandikwa jina la folda ya Java pamoja na namba yake, mahali lilipo faili la netbeans.conf, na zile amri za java -version na javac -version. Chini kabisa ameacha nafasi ya kuandika tarehe na jina la kila atakayeongeza au kuondoa kitu. Jina la kwanza katika nafasi hiyo ni langu.